Miaka Thelathini na Mitatu ya Bibi Funga, na Barua Isiyo Yake

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu wa chumba namba tisa atakabidhi ufunguo wa kabati, muhuri wa kitengo na kompyuta ambayo vibonye vyake vimefutika herufi, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake. Idara ya Utumishi ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka thelathini", akawarudishia karatasi akitaka kujua zaidi kwa ngapi.

Wengi wetu hatulijui jina lake la kwenye karatasi ya mshahara. Alipoingia hapa akiwa na miaka ishirini na saba, mpiga chapa wa masjala mwenye kucha fupi na sauti ndogo, aliitwa Dada Funga. Alipopata mtoto akawa Mama Funga. Mvi zilipoanza kuchungulia, bila kikao wala barua ya kupandishwa cheo, tukajikuta tunamwita Bibi Funga, na yeye akajikuta anaitika. Chanzo ni kwamba mtu huyu hawezi kuvumilia kitu kilichofunguliwa kikaachwa: droo, chupa ya gundi, bomba la maji, mlango wa choo cha wageni. Daktari mmoja aliyefungua mabano kwenye ripoti yake akasahau kuyafunga alipigiwa simu wodini, katikati ya kuwapitia wagonjwa, aulizwe mabano hayo yanaishia wapi. Daktari huyo ni bingwa wa upasuaji, mtu anayeogopwa na idara nzima. Alijibu kwa heshima zote, na ripoti ikasahihishwa.

Kamati ya sherehe imeniomba wasifu mchangamfu, wa kurasa chache, usiomliza mtu. Mchangamfu utakuwa, maana mwenyewe ni mchangamfu. Lakini katika faili lake la utumishi kuna barua moja ya onyo, ya miaka saba iliyopita, na sitaki astaafu nayo. Kwa hiyo maneno haya yana kazi mbili, kumsifu na kuiondoa barua hiyo. Naanza na ile ya kwanza kwa sababu ndiyo rahisi.

Kazi aliyopewa wiki yake ya kwanza ilikuwa kupiga chapa Mwongozo wa Dozi, kile kijitabu cha mfukoni chenye jalada la kijani ambacho kila muuguzi na kila daktari wa hospitali hii hutembea nacho. Siku hizo kilikuwa na dawa mia mbili na kumi, na kila toleo lilipigwa chapa upya mwanzo hadi mwisho, hata kama kilichobadilika ni nukta. Alipiga chapa, akasoma prufu, zile kurasa za majaribio, akarudia kurasa, akasoma tena. Binti yake, ambaye leo ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa hapa kwetu, anasema alijifunza kusoma kwa prufu zilizoharibika ambazo mama yake alizibeba nyumbani, na neno refu la kwanza alilolijua maishani ni "tahadhari". Wenzake shuleni walikuwa bado wanahangaika na "baba" na "kaka".

Kisha kompyuta zikaja, na Mwongozo ukageuzwa kuwa mafaili, faili moja kwa kila dawa. Ndani ya kila faili maandishi yaliwekewa lebo. Kila sehemu ina lebo ya kuifungua na lebo ya kuifunga: hapa linaanza jina, hapa linaishia, hapa inaanza dozi ya watoto, hapa inaishia. Nia ilikuwa njema. Mambo yaandikwe mara moja, halafu mashine ichukue mafaili hayo na kutoa kitabu, majedwali ya ukutani na chochote kingine kitakachotakiwa.

Tatizo lilikuwa programu ya kuyasoma. Ililetwa na mtaalamu wa mkataba ambaye hakuzitazama lebo kabisa. Programu yake ilitafuta neno "watoto" ndani ya faili, ikakata namba ya kwanza iliyofuata, ikaiweka kwenye jedwali kuwa ndiyo dozi ya mtoto. Kwa dawa nyingi ilipatia. Lakini zipo dawa ambazo mtoto hapewi kabisa, na katika mafaili ya dawa hizo neno "watoto" lilitokea mara moja tu, chini kabisa: Weka mbali na watoto. Hifadhi chini ya nyuzijoto 25. Rasimu ya jedwali ikatoka ikiagiza kwamba mtoto anywe vidonge ishirini na vitano vya dawa ambayo hata kuionja hatakiwi. Mfamasia mkuu alipoiona alikaa chini, akavua miwani, akaomba maji ya kunywa. Mtaalamu wa mkataba alikuwa keshamaliza mkataba, na simu yake ilikuwa haipatikani.

Hapo ndipo Mama Funga, kwa wakati ule mwenye miaka arobaini na miwili, alipoamua kwamba kama mashine haijui kusoma, basi ataifundisha. Hakuna aliyemtuma. Alipata kitabu kisicho na jalada cha lugha moja ya skripti, zile lugha ndogo za programu ambazo unaandika mistari michache, unabonyeza, na jibu unalipata papo hapo. Alikisoma wakati wa mapumziko ya mchana, mkono mmoja ukishika kijiko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama miezi saba. Programu yake ya kwanza iliandika kwenye skrini "Habari za asubuhi". Aliichapisha, akaibandika ukutani, akaitazama, akatazama saa ya ukutani iliyoonyesha saa nane kasoro, akairekebisha iseme "Habari za mchana". Karatasi zote mbili ziko ukutani hadi leo.

Alichokigundua kwenye kitabu kile ndicho kilichotufikisha hapa, na kwa kuwa wengi mmekuwa mkipita mbele ya chumba namba tisa bila kuelewa tunafanya nini mle, nitakieleza alivyokuwa akiwaelezea wageni. Faili lenye lebo si mfululizo wa maneno. Ni mti. Dawa ndiyo shina. Kutoka kwenye shina yanatoka matawi saba: jina, matumizi, watoto, watu wazima, wajawazito, tahadhari na uhifadhi. Kila tawi lina vitawi vyake, na mwishoni kabisa ndipo kuna majani, yaani maneno na namba zenyewe. Programu inasoma faili tangu mstari wa juu. Ikikuta lebo inafunguliwa inaota tawi, ikikuta inafungwa inarudi nyuma hatua moja, mpaka mti mzima unasimama. Baada ya hapo hutafuti neno kama mtu anayepapasa gizani. Unapanda shina, unaingia tawi la watoto, unakuta dozi. Tawi lisipokuwepo, unajua mtoto hapewi dawa hiyo, na namba ya uhifadhi inabaki kwake kwenye uhifadhi.

Mfamasia mkuu aliuliza kwa nini miti hiyo, ikichapishwa, inakuwa shina juu na matawi chini. Bibi alimjibu kwamba kama inamsumbua anaweza kugeuza kichwa. Kulikuwa na printa ya zamani ya karatasi ndefu isiyokatika, ile inayopiga kelele kama cherehani, na alizoea kuitoa miti yote ya toleo jipya na kuitundika kwenye korido kwa vibanio vya nguo. Kwa wiki mbili kila mwaka, ukitaka kwenda maabara ilibidi upite umeinama chini ya dawa za pumu, halafu uzunguke dawa za macho. Wageni walidhani ni mapambo.

Kisomaji alichokiandika, yaani hiyo programu ya kusoma lebo, watu walikipa jina la Mkali, kwa sababu hakikuwa na simile. Mkali akikuta lebo iliyofunguliwa bila kufungwa hapigi hatua nyingine. Anaandika: "Mstari wa 214. Lebo ya watoto imefunguliwa, haijafungwa. Nimesimama." Na kweli anasimama, hata kama zimebaki dakika tano mkurugenzi aje kukagua. Tuliokuwa tunaandika mafaili tulimchukia Mkali kama mwalimu wa zamu. Bibi akituona tunalalamika alitusomea methali ile ile, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kisha akaturudishia faili.

Msidhani kwamba yeye hakosei. Mumewe, fundi saa ambaye sasa amestaafu, anasimulia siku aliyoandikiwa orodha ya manunuzi ikiwa na lebo, maana mkewe alikuwa ametoka ofisini na mkono haujapoa. Ilianza lebo ya duka la dawa, chini yake dawa ya kikohozi na plasta. Kisha ikafuata lebo ya sokoni na chini yake vitunguu, nyanya na limau, lakini ile ya duka la dawa ilikuwa haijafungwa. Mzee, ambaye miaka yote hiyo amekuwa akifundishwa kwamba kisichofungwa hakijaisha, alisimama kwenye dirisha la duka la dawa akaomba dawa ya kikohozi, plasta na vitunguu kilo moja. Muuzaji alimuuliza kama amepima presha. Bibi aliposimuliwa hakubisha, alichukua kalamu akaifunga lebo, akamtuma tena.

Mengine ya kujivunia ni mengi, nami nitataja machache. Kutoka kwenye mafaili yale yale tunapata leo kitabu cha mfukoni, majedwali ya kila wodi, na toleo la simu ambalo wauguzi hulitumia hata pasipo mtandao. Mwongozo una dawa mia sita na arobaini. Toleo ambalo zamani lilichukua miezi mitano sasa linachukua wiki tatu, na wiki mbili kati ya hizo ni za watu kusoma, si za mashine. Amefundisha makarani kumi na tisa kuandika mafaili yenye lebo, wakiwemo wawili walioapa mbele ya mashahidi kwamba kompyuta na wao ni paka na panya. Hospitali nne nyingine zimetuma watu wao kujifunza, wakakaa kwenye benchi la chumba namba tisa wakiwa na madaftari, na aliwapa programu zake zote bila kuficha hata mstari. Mmoja alimuuliza kwa nini anagawa bure. Akasema hesabu za dozi si mapishi ya siri ya mama mkwe.

Sasa barua.

Miaka saba iliyopita nilikuwa mgeni kazini. Nilikuwa nimemaliza miezi minane ya majaribio na kubakiwa na minne, nina shahada ambayo wino wake ulikuwa bado unanukia, na nilijiona nimekuja kuwafunza wazee kazi. Tulikuwa tunaandaa toleo la kumi na mbili. Mafaili yalikuwa yameandikwa na watu tisa wa wodi tofauti, kila mtu na mwendo wake, na Mkali alisimama, akasimama, akasimama tena. Bibi alikuwa ameomba siku tatu za kumwangalia mumewe, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho. Mchapaji, mwenye kiwanda kinachotuchapia kijitabu, alipiga simu kila saa akiuliza kurasa ziko wapi. Nilirekebisha mafaili arobaini kwa mkono. La arobaini na moja lilinishinda uvumilivu.

Ndani ya skripti ya Bibi kulikuwa na mstari mmoja uliosema kisomaji kiwe kikali. Lugha ile inaruhusu pia kiwe kipole. Kisomaji kipole kikikuta lebo haijafungwa hakisimami. Kinakisia ingepaswa kufungwa wapi, kinaifunga chenyewe na kuendelea, wala hakimwambii mtu. Nilibadilisha neno moja. Mafaili yote yakapita kwa sekunde kumi na moja. Nikapeleka kurasa kwa mchapaji, nikaenda kunywa chai, nikajipongeza moyoni kwamba katika nyumba hii kumbe mimi ndiye fundi.

Bibi aliporudi aliikuta kazi imekwisha, akanishukuru, kisha akafanya kile anachokifanya kila toleo, ambacho mimi nilikiona ni cha kizamani. Alitoa miti yote kwenye ile printa yake, akaitundika koridoni, akapita nayo mmoja mmoja akihesabu matawi kwa ncha ya kalamu. Saba, saba, saba. Kwa dawa isiyo ya watoto, sita, na aliandika kwa nini. Mchana wa siku hiyo alifika kwenye dawa moja ya degedege akapata sita, na dawa hiyo watoto wanapewa. Tawi la watu wazima halikuwepo. Alilitafuta, akalikuta limemezwa ndani ya tawi la watoto. Mwandishi wa faili alisahau lebo ya kufunga, kisomaji changu kipole kikakisia vibaya, na dozi ya watu wazima ikahesabiwa kuwa ni jani la mwisho la tawi la watoto. Jedwali huchukua jani la mwisho la tawi, kwa hiyo lilipoomba dozi ya mtoto, ndilo jani lililopewa. Zilikuwa dawa tatu za namna hiyo.

Kurasa hizo kwa wakati ule zilikuwa kwenye mashine. Alimpigia simu mchapaji, mchapaji akasema hawezi kusimamisha kazi bila idhini ya mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa safarini. Bibi hakubishana kwenye simu. Alitoka na viatu vyake vya ofisini, mitaa mitatu kwa miguu kwenye jua la saa nane, akaingia kiwandani bila kubisha hodi. Mchapaji anasimulia mpaka leo kwamba mama huyu mwenye sauti ndogo alifika mbele ya mashine inayokimbia, akauweka mkoba wake juu ya trei ya karatasi, akamwambia kama ni lazima aendelee basi aanze kuuchapa huo. Mashine ikazimwa. Vijitabu mia tisa vilikuwa vimeshashonwa. Alivihesabu vyote, akahakikisha hakuna hata kimoja kilichotoka mlangoni, ndipo akaketi kwenye rundo la karatasi na kuomba maji.

Binti yake alikuwa zamu wodi ya watoto wiki hiyo. Vijitabu vile vingefika mfukoni mwake Jumatatu.

Toleo lilichelewa siku kumi na tisa, na ikaundwa kamati ya kuuliza kulikoni. Wakati huo chumba kizima kilitumia kompyuta moja na neno la siri moja, kwa hiyo mashine haikuweza kusema ni nani aliyeigusa skripti. Kamati ikauliza. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwa Bibi. Nikayatazama magoti yangu. Yeye akasema kisomaji ni chake, amekiandika yeye, na kama kimesoma vibaya waandike jina lake. Wakaliandika. Alipewa barua ya onyo kwa uzembe, yeye, mtu aliyemuuliza daktari bingwa habari za mabano. Nafasi ya mkuu wa kitengo, ambayo kila mtu alijua ni yake, akapewa mtu kutoka nje. Amefanya kazi miaka saba chini ya wakuu wawili ambao wote aliwafundisha yeye.

Kesho yake asubuhi alikivuta kiti changu hadi kando ya chake, akaniambia niandike programu ya kuhesabu matawi kwa kuwa macho yake yanazeeka. Hakuniuliza chochote. Nami sikumwambia chochote, ingawa alijua, kwani skripti ile ilikuwa na watu wawili tu wa kuigusa, na mmoja siku hizo alikuwa akimtia mumewe dawa ya macho. Programu ile ya kuhesabu ndiyo mnayoisikia ikisifiwa kila mwaka kwenye ripoti kuwa ni kazi yangu. Ni kazi yangu, ndiyo, kama vile adhabu ni kazi ya mwanafunzi.

Mara moja tu tulilizungumza, mwaka wa tatu, siku umeme ulipokatika tukakaa tukisubiri. Nilianza kusema. Akanikatisha: "Wewe ulikuwa na miezi minne ya majaribio. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Ile barua ingekuvunja, mimi imenikwaruza tu." Kisha umeme ukarudi, akaniuliza nilikuwa nimefika faili la ngapi.

Ilimkwaruza zaidi ya alivyosema. Nimeona jinsi anavyolipita bango la majina ya wakuu wa vitengo pale mapokezi, macho mbele, mwendo wa haraka. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miaka saba. Kwa hiyo naandika hapa, mbele ya watumishi wote, kwamba neno lile nililibadilisha mimi. Si hitilafu ya kitengo wala kosa la kisomaji. Ni mimi, kwa uvivu na majivuno, na nikanyamaza kwa woga. Na iwapo leo kuna watoto waliopita wodi ile wakaenda shule, wamshukuru yeye na mkoba wake.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea mkurugenzi barua ya kueleza hayo. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hiyo. Nikamwambia kweli, kwamba Ijumaa ya tarehe 30 ingekuwa nimechelewa kabisa. Jumatano Utumishi ikajibu. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili la Bibi, na nyingine imeandikwa kwa jina langu. Kule kukaimu ukuu wa kitengo nilikokuwa nimeahidiwa kuanzia Julai kumesitishwa, na mfamasia mkuu atatushikia usukani kwa muda. Nimeliona ni sawa. Nilikula chakula cha mchana siku hiyo kwa hamu ambayo sikuwa nayo muda mrefu.

Tuna desturi kwamba mstaafu husoma wasifu wake kabla haujachapwa, ahakikishe tarehe na vyeo. Nilimpa rasimu hii Alhamisi. Imerudi Ijumaa asubuhi na wino mwekundu mahali kumi na nane. Amesahihisha alama za mkato, amefuta sifa tatu alizoziona zimezidi, na penye idadi ya makarani aliowafundisha ameandika kumi na tisa badala ya ishirini. Aya zinazohusu ile barua amezipiga mstari kutoka juu hadi chini, na pembeni ameandika neno moja: Ondoa.

Bibi, masahihisho yako kumi na saba nimeyakubali bila kubisha, kama nilivyofanya miaka yote. Hilo la kumi na nane nimelikataa. Ni mara yangu ya kwanza, na ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu akijua kurasa zina kosa hasemi "labda", anakwenda kusimama mbele ya mashine.

Kwa niaba ya chumba namba tisa, wafamasia, wauguzi wa wodi zote, mchapaji na mashine yake, na wazazi ambao hawatajua kamwe kwamba walikuwa na deni la shukrani kwako, tunasema asante. Umetufundisha kusoma. Nenda ukapumzike na fundi saa wako, mkae barazani, mlale mchana bila kuomba ruhusa. Tunakuombea afya, siku nyingi na furaha ya nyumba yako. Utakapopita mapokezi Ijumaa ya tarehe 30, usiharakishe mwendo. Inua macho ulitazame lile bango, kwa sababu mkurugenzi ameagiza jina lako, lile la kwenye karatasi ya mshahara, liandikwe hapo, kwa miaka saba yote.